Baiskeli ya Ishirini

Tiririri... tiririri...

Usiku wa manane. Babu anakoroma. Mbuzi wamenyamaza. Jogoo naye kalala fofofo.

Lakini Naetwe halali. Macho kodo! Masikio wazi!

Tiririri... tiririri...

"Ni nini hicho?" Naetwe akajiuliza. Akavuta blanketi mpaka puani. Akasikiliza tena.

Maji! Ni sauti ya maji, maji yanatembea nyuma ya nyumba, tena usiku, na usiku maji hayatakiwi kutembea!

Sogeeni karibu, watoto, sogeeni niwaambie kwa nini.

Naetwe alikuwa na miaka sita. Aliishi na babu yake, Babu Senkondo, katika kijiji cha Ngulweni, juu kabisa kwenye milima ya Upare.

Juu ya kijiji kulikuwa na bwawa dogo. Wazee wa zamani walilijenga kwa mawe na udongo. Watu wa huko huliita ndiva.

Mchana, maji ya ndiva hutembea. Hutoka kwenye tundu, hufuata mfereji, huenda kwenye mahindi, huenda kwenye maharage, huenda kwenye migomba.

Usiku, maji hulala. Tundu huzibwa kwa kizibo cha nyasi na udongo. Ndiva hujaa polepole, polepole, mpaka asubuhi imejaa pomoni.

Na kuziba ndiva kuna kanuni yake. Babu alimfundisha Naetwe hivi:

"Gonga, gonga, sikiliza.
Maji yakinyamaza, nenda kalale."

Unagonga kizibo kwa mchi. Dum! Unagonga tena. Dum! Halafu unatega sikio. Ukisikia tiri, hata tiri moja, huondoki. Unagonga tena.

Basi jioni ile ilikuwa zamu ya babu. Babu akamwambia Naetwe, "Leo utaziba wewe, mjukuu wangu. Umeshakua."

Naetwe akajiona mrefu kama mnazi.

Akagonga. Dum! Akagonga. Dum!

Lakini kabla hajasikiliza, ngoma ikalia kule shuleni! Watoto wenzake wanaimba! Wanafanya mazoezi ya wimbo wa kupokea baiskeli! Miguu ya Naetwe ikaanza kuwasha, ikawasha, ikawasha.

"Umesikiliza?" babu akauliza.

"Ndiyo, babu!" akasema Naetwe. Akakimbia.

Hakusikiliza. Hata kidogo.

Na sasa, usiku wa manane:

Tiririri... tiririri...

Moyo wa Naetwe ukaenda mbio. Du-du-du-du. Si kwa sababu ya maji tu. Kwa sababu ya mama!

Mama yake Naetwe alikuwa fundi cherehani, mjini Same, kule chini kwenye joto. Kesho yake alikuwa anakuja. Wala haji na basi. Anakuja na baiskeli!

Baiskeli ishirini zinakuja. Zote zinapanda mlima kwa ajili ya ndiva ya Ngulweni. Maana ndiva ilikuwa na ufa, ufa mrefu kama nyoka, na maharage ya watu yalikuwa yanakauka.

Watu wema wa mjini walikuwa wameahidi hivi: kila baiskeli itakayofika ndivani, mfuko mmoja wa saruji. Baiskeli ishirini, mifuko ishirini. Ufa utazibwa, kwisha!

Mama alikuwa ndiye mwendeshaji wa ishirini. Na kuendesha baiskeli alikuwa amejifunza juzijuzi tu, baada ya Pasaka.

Sasa sikilizeni barabara ilivyo. Inapanda, inapanda, inapanda, halafu inashuka ghafla. Chini ya mteremko kuna kona. Kona kali! Na hapohapo konani, mfereji unakatiza barabara.

Ndiyo maana wazee walisema, "Kesho ndiva isifunguliwe mpaka baiskeli zipite. Barabara iwe kavu."

Naetwe akayafuata maji kwa mawazo, pale pale kitandani.

Yanatoka ndivani. Yanashuka mferejini. Yanapita nyuma ya nyumba. Yanafika barabarani. Yanafika konani. Tope! Na juu ya tope, baiskeli. Na juu ya baiskeli, mama!

Naetwe akatupa blanketi.

"Babu! Babu, amka!"

"Mh? Kuna nini? Chui?"

"Si chui, babu."

"Mwizi wa kuku?"

"Si mwizi. Maji yanatembea!"

Babu akaketi wima. Chui angeweza kungoja. Mwizi angeweza kungoja. Maji hayangoji mtu.

Babu akachukua koti. Akachukua tochi. Akachukua mchi.

"Shika koti langu," akasema. "Usiliachie, hata ukisikia nini."

Wakapanda njia ya ndivani. Chap, chap, chap. Giza huku. Giza kule. Naetwe kashika koti kwa mikono miwili.

Kroo! Kroo! Vyura wakalia.

Wakafika. Babu akamulika. Loh!

Kizibo kilikuwa kimetemwa nje kama jino bovu. Maji yanatoka shwaaa! Ndiva imebaki nusu.

"Simama hapo hapo, mbali na ukingo," babu akasema. Akaingia mferejini mpaka magotini. "Uuuwi! Baridi hii!"

Akashindilia nyasi. Akapachika udongo. Akainua mchi.

"Gonga, gonga, sikiliza.
Maji yakinyamaza, nenda kalale."

Dum! Dum! Wote wawili wakatega sikio.

Kroo! chura akalia.

"Nyamaza wewe!" babu akamwambia chura. "Huoni tunasikiliza?"

Chura akanyamaza. Maji yakanyamaza. Kimya.

Babu akajifuta uso. "Nani kanifanyia hivi? Aa, namjua! Kaa! Yule kaa wa mtoni, mwenye magando. Kachimba kizibo changu usiku. Nikimpata huyo kaa! Nikimpata!"

Naetwe akafungua mdomo. Maneno yakapanda. Yakafika kwenye ulimi. Yakageuka. Yakarudi chini.

"Ndiyo, babu," akasema kwa sauti ndogo. "Kaa."

Tumboni akahisi kama amemeza jiwe.

Kulipopambazuka, wakakimbia konani. Hawakunywa hata chai.

Jamani! Barabara yote ilikuwa tope. Tope zito, la kahawia, kama uji wa ulezi. Na upande wa chini wa barabara kulikuwa na bonde, bonde lenye miiba.

Babu akachomeka fimbo. Fyop! Fimbo ikazama mpaka nusu.

"Kaa pembeni, Naetwe," babu akasema.

Naetwe akaruka. "Kaa?"

"Ndiyo, kaa pembeni. Usije ukazama."

Du-du-du-du, moyo wa Naetwe. Kumbe babu hakumwita kaa. Amemwambia tu akae.

Mara akaja jirani yao, Mama Mbonea, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kichwani kabeba sufuria kubwa la makande ya wageni.

"Haya! Nani kamwaga uji barabarani?"

"Kaa," akasema babu.

"Kaa? Kaa gani wa kumwaga maji yote haya, Mzee Senkondo? Huyo kaa ana ndoo?"

"Mama Mbonea, weka makande chini, lete majivu."

"Majivu ya jiko langu?"

"Ya jiko lako, ya jiko la jirani yako, ya jiko la mchungaji! Yote! Baiskeli zinakuja!"

Mama Mbonea hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akakimbia huku anapiga kelele, "Majivu! Leteni majivu! Leteni mabua!"

Watu wakaja. Majivu, pwaa! Mabua ya mahindi, kacha! kacha! Changarawe, shaa!

Naetwe akabeba mabua. Akakimbia. Akajikwaa. Akainuka. Akakimbia tena. Mikono inawasha, jasho linamtoka, na tope bado ni jingi, jingi mno!

"Kaa chini upumzike, mtoto," Mama Mbonea akamwambia.

Naetwe akaruka tena. "Kaa?!"

"Huyu mtoto vipi? Nimesema kaa chini. Umeona nyoka?"

Naetwe hakukaa. Alibeba mabua mengine.

Wakamaliza upande wa juu, karibu na migomba. Wakaanza upande wa chini, karibu na bonde. Hawajafika mbali...

Kiring! Kiring!

"Zinakuja!" watoto wakapiga kelele. "Baiskeli zinakuja!"

"Bado!" akasema Naetwe. "Bado! Hatujamaliza!"

Lakini kengele haisikii bado.

Kiring! Kiring! Baiskeli ya kwanza ikatokea juu ya mteremko. Babu akainua mikono yote miwili.

"Polepole! Polepole jamani! Kuna tope! Shukeni mkokote!"

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye miguu mirefu kama panzi. Akakanyaga breki. Gurudumu likaenda huku, likaenda kule. Fyop! Fyop! Akapita.

Wa pili akapita upande wa migomba. Krrrr. Akapita vizuri.

Wa tatu akapita upande wa bonde. Fyop! Fyop! Pu! Akaanguka. Akainuka na masharubu ya tope.

"Nimenyolewa au nimepakwa?" akauliza.

Watu wakacheka. Naetwe hakucheka. Alikuwa anatazama magurudumu. Alikuwa anayasikiliza.

Upande wa bonde: fyop.
Upande wa migomba: krrrr.

Wa tano. Wa kumi. Wa kumi na tatu. Wengine wakashuka, wakakokota. Wengine wakateleza, wakajizuia kwa mguu. Mabua yakasukumwa pembeni, majivu yakamezwa, tope likachungulia tena.

Upande wa bonde: fyop.
Upande wa migomba: krrrr.

Wa kumi na tisa alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kijani. Mnyororo wa baiskeli yake ukachomoka. Kacha! Akasimama katikati ya tope, ananing'iniza mikono.

"Nisaidieni, ndugu zangu! Nimekuwa mti!"

Watu wakamvuta. Heeya! Heeya! Babu akabeba baiskeli yake begani.

"Tunaipandisha hapo juu tu, turudishe mnyororo," babu akasema. "Naetwe, kaa hapa kwenye ukingo. Usikanyage barabarani. Umenisikia? Kaa hapa."

Naetwe aliposikia kaa, akashtuka tena. Akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

Wakapanda. Sauti zao zikaenda mbali. Naetwe akabaki ukingoni, juu ya jiwe, chini ya migomba.

Baiskeli kumi na tisa zimepita. Imebaki moja.

Naetwe akatazama mteremko. Hakuna kiring. Hakuna mama.

Akangoja.

Ndipo ukungu ukashuka. Ukashuka kama shuka jeupe. Ukafunika mlima. Ukafunika mteremko. Ukafunika bonde. Naetwe akanyoosha mkono, akaona vidole vyake tu.

Hakuna kiring. Hakuna mama. Ukungu tu.

"Mama hataona tope," Naetwe akasema. "Mama hataona kona."

Akageuka. "Babuuu!"

Babu hakusikia. Huko juu watu walikuwa wanapiga mnyororo kwa jiwe, kang! kang! kang!

Hakuna kiring. Hakuna mama. Ukungu tu.

Naetwe alitaka kukimbia barabarani. Mguu mmoja ukashuka kutoka kwenye jiwe. Lakini babu alisema usikanyage barabarani, na baiskeli ikija itamgonga, na mama naye ataanguka! Akarudisha mguu.

Mara...

Kiring!

Ndogo. Mbali. Juu kabisa.

Kiring! Kwiiiiiii!

Breki! Breki zinalia! Mama anashuka, anashuka mbio, anakuja, anakuja, na haoni kitu!

Naetwe akafunga macho? La! Naetwe akatega sikio. Masikio wazi!

Kwiiiiiii! Inatoka wapi? Inatoka upande wa bonde. Mama anakuja upande wa bonde!

"Mamaaa!" Naetwe akaita. "Mama, njoo juu! Njoo kwangu! Njoo kwenye migomba!"

Ukungu ukameza sauti yake.

Kwiiiiiii! Fyop!

Gurudumu limegusa tope!

Naetwe akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Akaita kama Mama Mbonea. Akaita kuliko Mama Mbonea!

"MAMAAA! HUKU JUU! FUATA SAUTI! MIMI NAETWE! HUKU JUUUU!"

Fyop... fyop...

"JUUUU! JUUUU! JUUUU!"

Fyop... krr...

"JUUUU!"

Krrrr. Krrrrrrr. Krrrrrrrrrrr.

Ukungu ukapasuka. Likatokea gurudumu. Likatokea gauni la bluu. Likapita mbele ya jiwe, karibu kabisa, upepo wake ukapuliza nywele za Naetwe, vuuuh!

Baiskeli ikapita kona. Ikapanda kidogo. Ikasimama.

"Naetwe?" sauti ikaita. "Naetwe, mwanangu, uko wapi?"

"Mama!"

Naetwe akaruka kutoka kwenye jiwe. Akazunguka kwa njia ya migombani. Akamrukia mama. Mama akamkumbatia, na baiskeli ilikuwa imelala chini, gurudumu linazunguka peke yake, chakarachakara.

"Umeumia, mama?"

"Sijaumia. Wewe je?"

"Mimi sauti imeisha."

"Basi nitaongea mimi," mama akasema. "Panda nyuma. Shika kiuno changu. Twende ndivani."

Wakapanda polepole. Watu waliokuwa wanashuka mbio kufuata sauti wakawaona.

"Ya ishirini!" akapiga kelele mzee wa kofia ya kijani. "Ya ishirini hiyoo!"

Wakafika ndivani. Vigelegele! Ngoma! Watoto wakaimba wimbo wao, na kwa furaha wakausahau katikati, wakaanza upya.

"Kesho lori litaleta saruji," akasema kijana mwenye miguu ya panzi. "Mifuko ishirini, haipungui hata mmoja."

Watu wakaketi kuzunguka makande. Wakala. Babu akaanza kuwasimulia wageni habari za kaa.

"Kaa mkubwa! Magando hivi! Kachimba usiku kucha. Leo jioni naenda mtoni, nikimkuta, namtia chunguni!"

Naetwe alikuwa amesimama nyuma ya mama. Jiwe la tumboni likazidi kuwa zito. Makande hayapiti.

Mama Mbonea akamwona. Akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Naetwe! Mbona umesimama? Kaa!"

Naetwe akaangua kilio.

"Ndiyo! Ni mimi! Mimi ndiye kaa!"

Ngoma ikanyamaza. Vijiko vikanyamaza.

"Unasemaje?" Mama Mbonea akauliza. "Mimi nimesema kaa ule!"

"Hakuna kaa," Naetwe akasema huku analia. "Kaa hakuchimba. Mimi niligonga, nikagonga, halafu sikusikiliza. Nilikimbilia ngoma. Babu akaniuliza, nikasema ndiyo. Haikuwa ndiyo. Ilikuwa hapana!"

Watu wote wakamtazama babu.

Babu akaweka sahani chini. Akafuta midomo. Hakutabasamu.

"Njoo hapa."

Naetwe akaenda. Hatua moja. Hatua mbili. Hatua tatu. Ilikuwa njia ndefu kuliko mlima mzima.

"Ulinidanganya," akasema babu.

"Nilikudanganya, babu. Nisamehe."

"Mama yako angeweza kuumia."

"Najua, babu."

"Na usiku, nani aliniamsha?"

"Mimi."

"Na konani, nani aliita mpaka sisi huku juu tukaacha mnyororo tukakimbia?"

"Mimi."

Babu akamsogeza karibu. Akamfuta Naetwe machozi kwa kidole gumba, kidole kigumu kama gome.

"Kesho jioni utaziba tena wewe," akasema. "Nitakuuliza tena. Nawe utanijibu lililo kweli, hata kama ni hapana. Hapana ya kweli inazibika, mjukuu wangu. Ndiyo ya uongo inavuja."

"Sawa, babu."

"Nami," babu akasema, "nimemtukana kaa wa watu usiku kucha bila kosa. Itabidi niende mtoni kumwomba radhi."

"Mpelekee na makande!" akasema Mama Mbonea.

Watu wakacheka. Babu akacheka. Hata Naetwe akacheka, na machozi bado yako shavuni. Jiwe la tumboni likayeyuka. Akala sahani mbili.

Jioni ikaingia. Wageni wakalala shuleni. Ukungu ukaenda kulala bondeni.

Naetwe akaoga. Akavaa gauni la kulalia. Akapanda kitandani, na safari hii hakulala peke yake. Mama akajilaza pembeni, miguu inamuuma, akavuta blanketi likawafunika wote wawili.

"Mama," Naetwe akasema, na sauti yake ilikuwa bado ya kukwaruza, "watu wanasema wewe ni shujaa. Mzee wa kofia ya kijani amesema hajaona mwanamke wa kushuka kwenye ukungu vile."

"Mh," akasema mama.

"Pale konani uliogopa?"

Mama akatazama mlango. Akatazama dirisha. Akasogeza mdomo mpaka kwenye sikio la Naetwe.

"Nikuambie?"

"Niambie."

"Lakini hili ni langu na lako tu."

"Langu na lako."

"Pale konani," mama akanong'ona, "nilifumba macho."

"Mama!"

"Shhh! Nilifumba, mwanangu, fyu! Ukungu ulikuwa mweupe, sioni mbele, sioni nyuma, nikasema nitazame nini sasa? Nikayafumba. Nikashika sauti yako tu. Ukisema juu, nami juu. Ukisema juu, nami juu. Nilipoyafungua, wewe huyo juu ya jiwe."

Naetwe akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kicheko kikatokea puani.

"Na mimi nikiogopa, nifumbe macho?"

"Weh! Thubutu! Wewe ukiogopa, niite."

"Nikuite kwa nguvu?"

"Kama ulivyoniita leo."

Naetwe akajikunja kwapani mwa mama, karibu, karibu kabisa. Macho yakawa mazito.

"Hata babu hajui?"

"Hata babu."

"Hata Mama Mbonea?"

"Hasa Mama Mbonea! Akijua yeye leo, kesho Same nzima inajua."

Naetwe akacheka kidogo, cheko la usingizi. Akatafuta kidole cha mama chini ya blanketi, akakishika.

"Simwambii mtu, mama," akasema. "Simwambii mtu mwingine yeyote."